Mnara wa Kushoto

Mke wa dereva alifika kituoni kabla mfagizi hajamaliza korido. Alikaa kwenye benchi lile lile alilokalia jana na juzi, ila leo alikuja na shati jeupe lililotundikwa kwenye henga na kufunikwa mfuko wa nailoni. Alilishika juu juu lisiguse sakafu. Kila askari aliyepita alimsalimia, maana alikwisha kuwa mwenyeji, ingawa mahali penyewe si pa mtu kujivunia uenyeji.

"Hilo shati la nani, mwanangu?" Shangazi alimwuliza huku akitafuta funguo za ofisi mkobani.

"La mume wangu, Shangazi. Wameniambia leo saa nane wanampeleka mahakamani. Nikasema asisimame mbele ya hakimu na fulana aliyoilalia."

"Na watoto?"

"Nimewazuia kwenda shule. Mwalimu aliyegongwa ndiye anayewafundisha hesabu. Wenzao wanawaita watoto wa muuaji, na mwalimu mwenyewe bado yuko hai, Mungu amsaidie." Alilinyanyua shati juu kidogo. "Shangazi, mume wangu hajawahi kugonga hata kuku."

Shangazi hakuwa shangazi yake, wala wa mtu yeyote pale kituoni. Alikuwa Inspekta, mpelelezi mwenye mwili wa kutosha na macho yasiyo na haraka, na jina hilo lilimganda kwa sababu alikuwa na tabia ya kumwuliza mshtakiwa kama amekula kabla ya kumwuliza kama ameua. Wageni walidhani ni mpole. Waliokwisha kukaa naye meza moja hawakudhani hivyo tena.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi huo ndio uliokuwa unamkera. Jumamosi jioni gari la ofisi moja ya safari, lenye picha ya mnazi ubavuni, lilimgonga mwalimu akivuka barabara karibu na soko, likakimbia. Watu waliuona mnazi. Dereva hakuna aliyemwona. Mwalimu alivunjika nyonga na hakumbuki kitu. Baadaye gari lilikutwa limeegeshwa uani mwa ofisi hiyo ya safari, taa ya mbele imepasuka. Wenye funguo walikuwa wawili tu: dereva wa ofisi na bosi wake. Bosi alisema alikuwa kisiwani akipumzika tangu Ijumaa. Dereva alisema alirudisha funguo kwenye droo ya ofisi Ijumaa jioni, akaenda zake nyumbani. Neno la mtu mwenye tiketi ya mashua dhidi ya neno la mtu asiye na chochote.

"Dereva mwenyewe wanamwita Taratibu," Shangazi alisema alipoketi. "Unajua kwa nini?"

Koplo, msaidizi wake, jitu la miraba minne lililopenda maneno machache na chai nyingi, alitikisa kichwa.

"Kwa sababu abiria wameshalalamika mara chungu nzima kwamba anawachelewesha mashua. Mtu anaendesha kama amebeba mayai, halafu unaniambia alipita sokoni mbio mpaka akamrusha mwalimu mtaroni?"

"Labda siku hiyo alikuwa na haraka, afande."

"Labda." Shangazi hakuonekana kuiamini labda hiyo.

"Na tiketi hii hapa." Koplo aliiweka mezani kwa adabu. "Jina la bosi. Imetobolewa kwenda, imetobolewa kurudi. Mkuu wa kituo amesema jalada liondoke leo, kwa sababu kesho wewe unaanza likizo."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Likizo hiyo Shangazi aliiahirisha mara nyingi mpaka baba watoto akaapa kwamba safari hii ataondoka naye au ataondoka peke yake. Tena walikuwa wanakwenda kisiwa hicho hicho, kile kidogo chenye nyumba moja tu ya wageni, ambacho kila mtu mjini aliyechoka alishauriwa akapumzike. Kitu cha pekee kilichokuwa hakijafanyika ni kuipanga safari yenyewe.

Akainua simu, akampigia mwenye nyumba ya wageni. Mama wa kisiwani alipokea kwa sauti ya mtu anayekoroga kitu jikoni.

"Bosi wa ofisi ya safari? Alikuja, mwanangu, alikuja! Nilimpokea mwenyewe. Miaka yote ananiletea wageni, nikasema safari hii na yeye aje akae bure, iwe shukrani yangu. Tulikuwa tunajuana kwa simu tu. Hatimaye nimemtia machoni."

Koplo, aliyekuwa ametega sikio, alitanua mikono kama anayesema: si nilikwambia?

"Ni mtu wa namna gani?" Shangazi aliuliza.

"Mpole! Hata nilishangaa. Kwenye simu anaongea mpaka sikio linapata moto, lakini alipofika hapa, kazi yake gazeti na usingizi. Sikumsikia sauti. Tena mwambie ameisahau miwani yake ya kusomea juu ya meza. Nitaituma na mashua."

"Nitamwambia. Na mimi, mama, nataka kuja na mume wangu. Tunataka pahali pametulia. Unanishauri chumba gani?"

Kijiko kilisimama kukoroga. Sasa ilikuwa biashara.

"Chukua chumba cha mnara. Vyumba vyangu vinafuatana kwenye baraza moja, vyote vinatazama bahari. Ukikaa barazani uso baharini, mnara wa taa uko mkono wako wa kulia, huko mwisho, kimya kabisa. Kushoto ni gatini, na alfajiri wanapakua mizigo, wanapigizana kelele kama wako harusini. Wateja wote wanaotaka usingizi nawapa chumba cha mnara."

Shangazi alishukuru, akakata simu, akakaa akiigongagonga meza kwa kidole. Koplo alisubiri. Alimjua: kidole hicho kikianza kugonga, hakuna anayekunywa chai.

"Basi imekwisha, afande. Shahidi amemwona kwa macho yake."

"Amemwona mtu ambaye hakuwa anamjua, akamwita jina alilokuwa nalo kwenye tiketi," alisema Shangazi. "Chukua kofia yako. Tunakwenda kupanga likizo yangu."

Ofisi ya safari ilikuwa barabara kuu, kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani kulikuwa na meza moja, viti viwili vya wageni, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na ukuta mzima mkabala na meza ulifunikwa na picha. Ilikuwa picha ya kisiwa, imechukuliwa kutoka barazani kuelekea baharini: viti vya kamba mbele, bahari imelala, upande wa kushoto mnara mweupe, upande wa kulia gati la mbao. Katikati ya baraza alisimama mhudumu mwenye shati la mikono mifupi, ameshika sinia, anacheka.

Shangazi aliitazama picha kwanza, mwenye ofisi baadaye. Shati la yule mhudumu lilikuwa na kitu kilichomkera. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akiokota vifungo. Hakuwa na uwezo wa kuitazama nguo bila kuikagua. Akasukuma kero hiyo pembeni, akaketi.

"Karibu, mama, karibu sana!" Mwenye ofisi alisimama. Alikuwa mwembamba, mkarimu wa meno, ananukia manukato ya asubuhi. Mjini walimwita Bwana Kisiwa, na jina alilipenda. "Lakini nadhani maswali ya kesi tulimaliza juzi. Masikini dereva wangu. Nimekwisha kumwambia mke wake nitamtafutia wakili."

"Kesi ina wenyewe," Shangazi alisema. "Mimi leo ni mteja. Nimepata likizo, nataka kwenda kisiwani kwako, na sijui hata pa kuanzia. Soma hapo, uone kama nimepewa siku za kutosha. Mimi herufi hizo za mwisho zimenishinda."

Akampa barua ya ruhusa. Bwana Kisiwa aliishika kwa mkono mmoja, akaisoma yote bila kusita, hata ule mstari mdogo wa chini ambao waandishi wake hawakukusudia usomwe na mtu. Hakuisogeza mbali na uso, wala hakukunja jicho.

"Tele, mama! Siku hizi zinakutosha upumzike mpaka uchoke kupumzika." Akacheka mzaha wake mwenyewe. "Sasa nisikilize vizuri. Usiende wikendi, nenda katikati ya wiki, unakuta kisiwa ni chako na mumeo. Usichukue sanduku la magurudumu, mchanga wote ule utalikokota kama mbuzi mbishi. Begi laini. Kofia pana. Kandambili. Kitabu kimoja, tena kiwe chepesi, kwa sababu utasinzia nacho kifuani. Simu izime."

"Mume wangu hawezi kuzima simu."

"Ataizima! Huko hakuna gari, hakuna redio ya jirani, hakuna mtu wa kukupigia honi. Kisiwa chenyewe unakizunguka kwa miguu na ukirudi chai yako bado ina moto."

"Unatia chumvi."

"Kidogo tu, mama, kwa ladha."

Walicheka wote wawili, na hata Koplo pale mlangoni alijikuta anatabasamu. Alikuwa fundi wa kazi yake, Bwana Kisiwa, hilo Shangazi alilikubali moyoni bila kinyongo. Mtu angemsikiliza angetamani kuvua viatu hapo hapo.

"Kinachonitisha ni mashua," Shangazi alisema, akishusha sauti kama anayetoa siri. "Mimi na maji hatupatani. Inayumba sana?"

Mkono wa Bwana Kisiwa, uliokuwa ukichezea kalamu, ulitulia.

"Inayumba... hapana. Kidogo. Wateja wanasema... yaani, mimi mwenyewe safari hii sikuisikia kabisa."

"Hukutapika?"

"Mimi?" Alicheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. "Mimi mwana wa bahari, mama."

"Una bahati. Na begi hilo laini, nalipata wapi?"

Swali la biashara lilimrudishia uhai. "Usihangaike. Kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza mabegi hapo nyuma ya kinyozi. Mwambie nimekutuma, atakupunguzia."

"Koplo," Shangazi alisema bila kugeuka, "nenda kanichagulie begi. Usiwe na haraka. Mwulize bei ya kila moja, mwambie akusomee kwenye kibandiko, nisije nikapunjwa."

Koplo alifungua mdomo kuuliza, akamwona anavyomtazama, akaufunga. Akatoka akiinama ili asigonge kichwa mlangoni.

"Sasa chumba," Shangazi aliendelea. "Nisaidie hapo, maana nikikosea mume wangu atanisimanga mpaka kustaafu. Anataka kimya."

"Basi ni chumba cha mnara. Wote ninaowapenda nawapeleka chumba cha mnara. Nampigia mama pale kisiwani, namwambia tu, nipe cha mnara, anajua."

"Wewe mwenyewe wikendi ulilala hicho hicho?"

"Hicho hicho."

"Nionyeshe basi, mimi bila kuona sielewi." Akavuta stepla, akaiweka mbele yake. "Hii iwe mnara. Kikombe chako kiwe gati. Mimi hapa nimekaa barazani, uso wangu baharini. Vipange."

Bwana Kisiwa alivipanga kwa furaha ya mtu anayecheza mchezo anaoujua. Stepla aliiweka mkono wa kushoto wa Shangazi, kikombe mkono wa kulia.

"Mnara kushoto," Shangazi alisema polepole.

"Kushoto. Nimekaa pale jioni mbili, mama, Ijumaa na Jumamosi. Jua linazama mbele yako, na mnara unabaki mweupe hapo kushoto. Kulia wavuvi wanarudi gatini. Hakuna kitu kizuri kama hicho duniani."

"Usiwe umechanganya mikono. Mimi mwenyewe huwa nachanganya."

"Nichanganye?" Alionekana kuudhika kidogo. "Ningefumba macho hapa ningekuchorea. Mnara kushoto, gati kulia. Chumba cha mnara ni cha mwisho kushoto. Ukikuta sivyo, njoo unidai nauli."

Feni ilizunguka. Shangazi akainuka, akausogelea ukuta, akasimama pua kwa pua na yule mhudumu mwenye sinia. Sasa ile kero ilikuja yenyewe, bila kuitwa, akatamani baba yake angekuwa hai amsimulie.

"Picha hii uliitoa wapi?"

"Nimerithi na ofisi. Marehemu mjomba wangu ndiye aliyeitengenezesha. Nimeitazama kila siku tangu nianze kazi hapa."

"Ndiyo. Hilo naliamini," Shangazi alisema. "Njoo ulione shati la kijana huyu."

Alikuja, kwa sababu hakuona njia ya kukataa.

"Shati la kiume, mfuko wake unakaa kifuani kushoto, upande wa moyo. Baba yangu alishona mamia, hata moja hakuligeuza. Wa kijana huyu uko kulia kwake. Vifungo navyo vimelala kama vya blauzi ya mke wa jirani yangu." Aligusa picha kwa kidole. "Hakuna fundi aliyekosea. Waliochapa picha ndio walioigeuza, labda ili gati lije upande wa mlango, lipendeze. Kushoto kumekuwa kulia. Mteja anaitazama kabla ya kusafiri, akirudi hana haja ya kupita hapa tena, kwa hiyo hakuna aliyekwambia. Na wewe na mama wa kisiwani mnasemezana kwa jina la chumba, hamjawahi kutaja mikono."

"Sikuelewi, mama."

"Nimezungumza naye leo asubuhi. Yeye anaishi pale. Mnara uko kulia, bwana. Gati ndilo liko kushoto."

Bwana Kisiwa aligeuka kuitazama stepla mezani, kana kwamba ingeweza kuhama peke yake.

"Basi... basi nimechanganya."

"Umesema usingechanganya hata ukifumba macho, nami nakusadiki. Kisiwa unachokijua ni hiki cha ukutani. Hujawahi kukanyaga kile kingine."

"Tiketi yangu mnayo!"

"Tunayo. Tiketi imekwenda na imerudi, sina ubishi na tiketi."

Mlango ulifunguka. Koplo aliingia na begi la kijani begani, na nyuma yake mwanamume mnene, mpole wa sura, aliyekuwa akipepesa macho kama mtu aliyetoka gizani.

"Afande," alisema Koplo, "nimemwuliza bei kama ulivyoniagiza. Kibandiko kakiweka mbali, kakileta karibu, kakipeleka mlangoni kwenye mwanga, mwishowe kaniomba nisome mwenyewe. Na kwenye kitambulisho changu hakuona herufi hata moja. Anasema miwani yake ameisahau safarini."

"Safari ya wapi, baba?" Shangazi alimwuliza yule mnene kwa upole. "Kaa kwanza. Umekula?"

Shemeji alimtazama Bwana Kisiwa, akautazama ukuta, akaitazama sakafu. Hakuwa mtu wa kudanganya. Uongo ulimkaa kama kiatu cha mtu mwingine.

"Nilikwambia mimi siliwezi jambo hili," alimwambia shemeji yake. "Nilikwambia."

Bwana Kisiwa aliketi kwenye kiti cha wateja. Manukato yake yalikuwa yale yale, lakini yeye alionekana mdogo kuliko alipowakaribisha.

"Bahari siiwezi," alisema. "Tangu utoto. Nikisimama tu gatini magoti yanaisha. Mtu mzima, ninayeuza kisiwa, nitamwambia nani? Mama wa kisiwani alipong'ang'ania niende, nikampa shemeji tiketi, aende kwa jina langu, apumzike. Mimi nikajifungia nyumbani, mapazia chini, mke wangu yuko kwao. Haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa aibu tu."

"Mpaka Jumamosi jioni."

"Chakula kiliisha. Nikasema giza likianza kuingia nitachukua gari, nitarudi upesi, nisionekane. Ndiyo maana nilikimbiza. Nilikimbiza nisionekane." Akajifunika uso. "Aliibuka ghafla, mama. Sikumwona kabisa."

"Ukamwacha mtaroni."

"Ningesimama wangeuliza, wewe si uko kisiwani?"

Shangazi alikuwa amesikia mengi katika kazi yake, na mengi aliyasikiliza bila kubadilika uso. Hili lilimpandisha hasira mpaka masikioni, akaiacha ipande.

"Ulimwacha mtu na nyonga iliyovunjika kwa sababu uliona haya kusema unaogopa maji," alisema. "Halafu ukakaa hapa umevaa vizuri, ukamwahidi mke wa dereva wako wakili. Mwanamke yule amelala macho, amepiga pasi shati la kumpeleka mumewe kizimbani kwa kosa lako. Watoto wake wanazomewa. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani watamwachia. Hana kosa, nikasema wataona tu kwamba hana kosa."

"Ndiyo, tumeona. Simama."

Koplo alimtoa nje kwa mkono mmoja, kwa mwingine bado ameshika begi. Shemeji aliwafuata kuandikisha maelezo, akijikwaa kizingitini. Shangazi alibaki nyuma kidogo. Aliirudisha stepla mahali pake, akazima feni, akafunga mlango.

Mkuu wa kituo alikuwa na kalamu mkononi, tayari kutia sahihi jalada, Shangazi alipoingia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si desturi yake.

"Sasa unataka nimwambie mwendesha mashtaka kwamba tumempata mtu kwa sababu ya mfuko wa shati?"

"Mwambie tumempata kwa sababu amekiri mbele ya Koplo na mbele ya shemeji yake, na aliyelala kisiwani ni huyo shemeji. Mfuko wa shati niachie mimi, nitawasimulia wajukuu."

Mkuu aliifunika kalamu yake. "Mtoe Taratibu. Na kesho nisikuone hapa, nimechoka kumjibu mume wako."

Dereva alitoka mahabusu akiwa amevaa fulana ile iliyokunjamana, mrefu, mwenye hatua za kupima. Mkewe alisimama na henga lake. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alilivua shati mfuko wa nailoni, akampa mumewe mkono mmoja wa shati, kisha wa pili, akamfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Alipofika cha juu akasimama kumtazama usoni, ikabidi mume akimalize mwenyewe. Shangazi alijifanya anatafuta kitu mkobani, na kweli alikuwa anatafuta leso.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alimwambia dereva. "Watoto wanakusubiri."

Taratibu hakuondoka. "Mwalimu anaendeleaje, mama? Siku zote nimeuliza humo ndani, hakuna aliyenijibu."

"Yuko hospitali. Anaongea. Kutembea kutachukua muda."

"Basi nyumbani baadaye. Shati si nimeshavaa? Nipeleke kwake kwanza. Ajue mnazi ule ni gari ninaloliendesha mimi, na ajue siku ile sikuliendesha. Nataka anitazame anaposikia, ili watoto wangu wakirudi darasani kwake wakute amekwisha kuambiwa."

Shangazi alimtazama Koplo. Koplo alikwisha kuzichukua funguo.

Waliingia wote kwenye gari la kituo, Shangazi mbele, mume na mke nyuma, shati jeupe likiwaka katikati ya viti vilivyochakaa. Koplo, mwenye furaha ya kesi iliyokwisha, alichomoka getini kwa kishindo, akakata kona kuelekea sokoni bila kupunguza.

Mkono mrefu ulitokea nyuma, ukamgusa begani.

"Koplo, ndugu yangu," alisema dereva, "taratibu. Hapa ndipo watu wanapovukia."

Koplo akapunguza mwendo.